Kwaresima isiyofika mlangoni kwa jirani

Ukuta unaotenganisha nyumba yangu na ya Hajati hapa Rwezamenyo ni wa rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani tu, na sauti hupenya. Tangu mwaka 2018, vipaza sauti vya misikiti vilipopigwa marufuku wilayani Nyarugenge, adhana ya magharibi naisikia kutoka kwenye simu yake. Simu inaadhini, kijiko kinagonga kikombe cha uji, anasema Bismillahi, kisha nyumba nzima inanyamaza. Mwaka huu wa 2026 nami huku upande wangu huwa naingoja saa hiyo. Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama juma hilohilo.

Siku ile nilirudi kutoka kanisani, kwa Mtakatifu Karoli Lwanga pale Nyamirambo, majivu bado yako kwenye paji la uso. Hajati alikuwa anafagia mlangoni kwake.

"Mama Fundi, nanyi mmeanza?"

"Tumeanza, Hajati."

"Haya. Mwenyezi Mungu atutakabalie sote."

Kinyarwanda kinatumia neno moja kwa mifungo yote miwili: igisibo. Padri akilitamka kanisani na shehe akilitamka msikitini, ni neno lilelile. Kiswahili kimetugawa kidogo. Wao wana saumu, sisi tuna Kwaresima, neno lenye asili ya Kireno lililotokana na hesabu ya siku 40. Lakini kitenzi tumeachiwa kimoja, kufunga, na kitenzi hicho kina ndugu yake, kufungua. Hajati akiweka tende mdomoni jioni, amefungua. Sisi Wakristo tunajua kufunga: nyama tunaiacha, soda tunaiacha, bia tunaiacha. Kufungua ndiko tunakokusahau, na nina sababu za kulisema hilo waziwazi, tena nikiwa nimekaa Rwanda.

Kwa sheria ya Kanisa, mimi sasa nimesamehewa njaa. Anayetakiwa kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ni mtu aliyetimiza miaka 18 ambaye bado hajaingia mwaka wake wa 60. Mimi nimeshavuka. Miaka yote niliyolazimika sikujiuliza nafunga ili iweje. Siku ilifika, nikafunga. Sasa nina ruhusa ya kula, na ndipo swali limenijia nikiwa kwenye cherehani, mguu uko kwenye kanyagio na tumbo linanguruma kwa hiari yangu mwenyewe. Jibu la kwanza nililolipata halikutoka kwenye kitabu. Lilitoka Karagwe, upande wa Tanzania.

Wazazi wangu walikimbia Rwanda kwa machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Mimi nimezaliwa Tanzania, katekisimu nimefundishwa kwa Kiswahili, na mpaka leo nikisali usiku peke yangu Kiswahili ndicho kinachokuja mdomoni. Kwa mama, Kwaresima ilikuwa kopo. Lilikuwa kopo tupu la maziwa ya unga, limeshika kutu ukingoni, likiwekwa juu ya kabati siku ya majivu. Kila jioni, kabla ya kuinjika chungu, mama alitia mkono kwenye ungo wa maharage yaliyokwisha kuchaguliwa, akachota konzi moja, akaimimina kwenye kopo. Tulikuwa watoto saba. Konzi moja kutoka kwenye chungu cha watu tisa inaonekana, nanyi mliolelewa hivyo mnaijua hesabu hiyo. Tulimuuliza, mama, maharage hayo ya nini? Hakutupa mahubiri. Alijibu neno lilelile kila mwaka: "Yana mwenyewe."

Siku ya Alhamisi Kuu mwenyewe alijulikana. Mama alimchagua mtoto mmoja, akamtwisha maharage, akamtajia nyumba. Mwaka mmoja aliniteua mimi, na nyumba aliyoitaja ilikuwa ya mama mmoja ambaye walikuwa hawasalimiani tangu mavuno. Nilidhani amekosea. Nikamuuliza mara mbili. Akaniambia niende, nipige hodi vizuri, nisubiri mpaka niitikiwe, na nisiongeze neno.

Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwafundisha Wakristo wa Roma kwamba kile mtu anachojinyima mezani kiende kwa asiye nacho. Mama yangu hakumjua Papa Leo. Lakini alijua kwamba chakula ambacho hukukila hakipotei hewani, kina mtu wake, na mtu wake si lazima awe yule unayempenda. Kwangu mimi hiyo ndiyo Kwaresima nzima. Sala, mfungo na sadaka, yale matatu tunayosomewa kwenye Injili ya Jumatano ya Majivu, kwake yalikuwa tendo moja lenye hatua tatu, na hatua ya mwisho iliishia kwenye mlango wa mtu.

Nilihamia Kigali mwaka 1995, na cherehani yangu na mtoto mgongoni. Kwa miaka mingi sikuitazama kalenda ya mwaka uliotangulia. Nilipokuja kuitazama niliketi chini.

Mwaka 1994 Jumatano ya Majivu ilikuwa 16 Februari. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla yake, kwa hiyo mwaka ule nao, kama mwaka huu, Wakristo na Waislamu wa mitaa hii walifunga pamoja. Waislamu wakasali Idi katikati ya Machi. Jumapili ya Matawi ilikuwa 27 Machi, Ijumaa Kuu ilikuwa 1 Aprili, Pasaka ilikuwa 3 Aprili. Jumatano, 6 Aprili, usiku, ndege ya rais ilitunguliwa. Alhamisi, 7 Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza.

Zilikuwa zimepita siku nne tangu Pasaka.

Sijui kama wasomaji wa nje ya Rwanda wanalielewa jambo hili kwa uzito wake. Nchi ambayo karibu watu 9 kati ya 10 walijiita Wakristo ilikuwa imetoka tu kumaliza siku 40 za toba. Watu walikuwa wamepakwa majivu. Walikuwa wameungama, maana Mkatoliki hujitahidi kuungama kabla ya Pasaka. Walikuwa wamepita vituo 14 vya Njia ya Msalaba Ijumaa baada ya Ijumaa, wakamwona Veronika akimpangusa uso mtu aliyehukumiwa kufa, wakamwona Simoni wa Kirene akimsaidia kubeba mti. Walikuwa wamesimama kwenye mstari mmoja kupokea Komunyo ya Pasaka, atakayeua na atakayeuawa, mmoja nyuma ya mwingine. Kwenye kanisa la Nyamata, ambalo leo ni mahali pa kumbukumbu, nguo za waliouawa zimelundikwa kwenye mabenchi. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Arusha. Rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha.

Tulifunga, basi. Hakuna anayeweza kusema Rwanda ya 1994 ilikosa mifungo. Konzi ilitolewa kwenye chungu, lakini haikumfikia mwenyewe.

Najua yupo atakayenijibu kwamba Kwaresima ni jambo la mtu na Mungu wake, na kwamba Injili ya siku ya majivu inatuagiza tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa siri. Ni kweli, na siri hiyo naipenda. Lakini chumba kile kina mlango, na mlango ulitengenezwa kwa kazi mbili. Ijumaa ya kwanza baada ya majivu Kanisa linatusomea nabii Isaya, sura ya 58, pale Mungu anapoukataa mfungo wa watu wanaoinamisha vichwa huku wakigombana na kupigana ngumi, akadai mfungo wa kuvunja nira na kumwingiza nyumbani maskini asiye na makazi. Tunausikia kila mwaka. Nimeusikia zaidi ya mara 50.

Wapo walioufunga mfungo ule wa Isaya, na lazima watajwe. Felicitas Niyitegeka alikuwa mlei aliyejiweka wakfu, akiendesha kituo cha Kanisa huko Gisenyi, mpakani na Goma. Alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi, akawavusha wengine usiku kwenda Kongo. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa yeye peke yake. Alikataa kuwaacha wale aliokuwa nao, na 21 Aprili 1994 akauawa pamoja nao. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa wa ngazi ya Imena. Nikimfikiria, najiuliza Kwaresima yake ya mwaka ule ilikuwaje. Pengine haikuwa na lolote la ajabu. Pengine alikula mlo mmoja kama wengine, akapita vituo 14 kama wengine. Ila mlango ulipogongwa alikuwa ameshazoea kuufungua.

Na hapa mitaani kwetu, Biryogo na Nyamirambo, Waislamu wengi waliwaficha watu. Si wote, na Waislamu Watutsi nao walisakwa na kuuawa. Lakini walioficha walikuwa wengi kiasi kwamba sifa hiyo wanayo mpaka leo. Hajati ana mlango wa zamani ambao amekataa kuubadilisha. Nyumba ameikarabati, madirisha ni mapya ya vioo, bati ni jipya, ila mlango wa chumba cha nyuma ni uleule wa mbao, una komeo la chuma lililopinda katikati kama kidole chenye baridi yabisi. Ukitaka kulifunga inabidi uliinue kwanza ndipo ulisukume. Habari za mlango huo ni zake na sitazisimulia. Nilimuuliza jambo moja tu, miaka mingi iliyopita: ujasiri ule aliutoa wapi?

Aliwaza. Akasema, "Mama Fundi, alipiga hodi. Nikamwambia karibu kabla sijajua ni nani. Sasa umeshamwambia mtu karibu, utamfukuzaje?"

Nimelibeba jibu hilo kwa miaka. Mtu anajifunza kuitika hodi utotoni, anaitika siku ambazo hodi haina gharama: jirani anaomba chumvi, mtoto anarudisha sufuria, mgeni ameuliza njia. Miaka inapita, mdomo unazoea. Kisha inakuja hodi moja yenye thamani ya uhai wa watu, na mdomo umeshaitika kabla woga haujaamka. Ikiwa mazoezi ya Kwaresima yana maana yoyote ya kiroho, mimi naiona hapo. Siku 40 kila mwaka ni za kuuzoesha mwili kuitika. Njaa kidogo inakufundisha kwamba tumbo linaweza kunguruma na usife, kwa hiyo unaweza kumgawia mwingine. Magoti kwenye sakafu ya kanisa yanakufundisha kwamba unaweza kushuka na usivunjike. Wala si mambo ya siku moja.

Ndiyo maana inaniuma nikiona tunavyoipunguza. Wasichana wanaokuja kushona kwangu wananiambia wanafunga ili gauni la Pasaka liwakae vizuri kiunoni. Siwalaumu, wamefundishwa na sisi. Wazee tunajivunia siku 40 bila pombe, na fedha ya pombe ile hatuelezi ilikwenda wapi. Kwenye simu watu wanatumiana picha za majivu usoni, wakati Injili ya siku hiyohiyo inamwambia mfungaji anawe uso. Jirani zetu wa Kenya wana desturi nzuri: kila Kwaresima maaskofu wao hutoa kampeni yenye mada ya kila juma, na jumuiya ndogondogo hukaa na kujadili ufisadi, ardhi, maji, uchaguzi. Sisi Rwanda tuna jumuiya hizo hizo, tunaziita imiryangoremezo, nasi tuna mada nzito kuliko zote.

Ninayo haja moja kwa maaskofu wetu. Jumapili ya 20 Novemba 2016, Mwaka wa Huruma ulipofungwa, barua yao ilisomwa katika parokia zote nchini. Waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo, wakiwemo mapadri na watawa, walioshiriki mauaji ya kimbari. Wengine walisema imechelewa, wengine wakasema haitoshi. Miezi minne baadaye, 20 Machi 2017, katikati ya Kwaresima, Papa Fransisko naye aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake nchini Rwanda. Barua ile ya 2016 nilisomewa mara moja, nikiwa nimekaa karibu na mlango, na sijaisikia tena mimbarini. Naomba isomwe kila Jumatano ya Majivu, kabla ya kupakwa. Vijana waliozaliwa baada ya 1994 ndio wanaojaza kanisa leo, na majivu wanayopakwa wanadhani ni ya dhambi ndogondogo. Kitambaa cha maombolezo ya Kwibuka, kumbukumbu ya kila mwaka ya mauaji ya kimbari, zamani kilikuwa cha zambarau, siku hizi ni cha kijivu. Kiswahili kinajua rangi hiyo imetoka wapi. Mwaka 2023, 7 Aprili iliangukia Ijumaa Kuu yenyewe, na mji mzima ulikuwa na huzuni mbili kwa siku moja. Mwaka huu inaangukia Jumanne, siku mbili baada ya Pasaka. Kalenda yenyewe inatukumbusha.

Haja nyingine ni ndogo na ni kwa parokia yangu. Njia ya Msalaba ya Ijumaa moja, japo moja tu, itoke uani kwa kanisa ishuke kwenye vichochoro vyetu, na vituo vyake viwe milango ya watu: kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa aliyetoka gerezani na hakuna anayemsalimia. Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, alipoteza ndugu wengi mno mwaka 1994, na bado aliwasomesha watoto wa mtu aliyehusika na kifo cha mama yake. Alikuwa ameshakwenda mpaka mlangoni.

Nayasema haya nikijua nilivyofanya mwenyewe.

Kwaresima ya 2019 ilikuwa ya mvua. Mtaa wetu ni mteremko, maji ya bati la mmoja huishia uani kwa mwenzake. Maji yangu yalimwangukia mama mmoja wa chini, tena wa umuryangoremezo wangu, tunayesali naye kila juma. Alinijia mara mbili kuniomba niweke mfereji. Nikamjibu kwamba mteremko nimeukuta. Akaacha kunisalimia, nami nikaacha. Nilifunga Kwaresima ile kwa ukali kuliko zote, bila nyama, bila sukari kwenye chai, na Ijumaa Kuu nikaenda kuabudu Msalaba. Tulipopanga foleni ya kubusu, nilikuta yuko mbele yangu. Nikasogea pembeni, nikawapisha watu watatu, ili nisiweke mdomo wangu kwenye mti pale alipotoka kuweka wake.

Niliporudi nyumbani sikulala. Nililiona kopo la mama juu ya kabati.

Jumamosi asubuhi nilinunua mita sita za mfereji wa bati na vishikizo vyake, nikapima maharage kilo mbili, nikateremka nayo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, nikasikia kiti kikisogezwa, kisha kimya. Desturi ni hodi tatu, ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka. Nikasimama pale maharage yamenilemea mkono, nikapiga ya tatu.

"Karibu," alisema kutoka ndani. "Ila pitia pembeni, hapo mlangoni kuna maji."